Skrini Mbili za Ijumbi

Jumatatu, 6 Septemba 2004

Mkurugenzi Celina amesema leo saa nne na dakika kumi, mbele ya watu saba, kwamba ofisi yetu ya Muleba itapata mkuu wake kabla mwezi huu haujaisha. Hakutaja jina. Alinitazama mimi kwa sekunde mbili, akamtazama mwenzangu Mujuni kwa sekunde nne. Nilikuwa mwandishi wa habari miaka kumi na tisa kabla ya kuingia shirika hili. Kinachohesabika nakihesabu.

Sharti lake: anayeitaka ofisi aende Ijumbi na semina ya wosia na haki za wajane, arudi na vitu viwili. Kwanza, sahihi za wazee wa ukoo kwamba wanalipokea shirika. Pili, wajane wasiopungua ishirini waliojiandikisha kwa msaada wa sheria. Miaka mitatu tumekuwa tukipata kimoja na kukosa kingine. Wazee wakifurahi, wajane hawaji. Wajane wakija, wazee wanaondoka na ufunguo wa ukumbi.

Mujuni atakwenda na bango kitita lake. Karatasi kubwa, kalamu nene, sauti yake. Ndivyo anavyofundisha tangu mwaka 1991, wakati kijiji kimoja kilikuwa kinazika watu watatu kwa siku na semina zilianza pale wachimba kaburi walipomaliza kunawa. Ni mtu mwema. Hana mbinu.

Mimi nimepata mbinu saa saba mchana, nikiwa na sahani ya ndizi na maharage. Kila upande uambiwe unachopenda kusikia. Saa ileile, ukumbi uleule. Upande wa pili usijue.

Jumanne, 7 Septemba

Fundi Limi amethibitisha kwamba inawezekana. Ana duka la kompyuta karibu na soko. Mama wa Kisukuma, hacheki ovyo. Anasema kompyuta moja ikiongezewa kadi ya pili ya picha inaweza kuhudumia skrini mbili, nayo yenyewe ikadhani ina skrini moja pana. Ukitengeneza slaidi ndefu, inakatika katikati: nusu ya kushoto inakwenda projekta ya kwanza, nusu ya kulia inakwenda projekta ya pili. Ukibonyeza mara moja, zote mbili zinasonga pamoja.

Tumejaribu kwa picha yangu ya pasipoti. Jicho la kushoto ukuta huu, la kulia ukuta ule, pua imegawanywa sawa. Nimeridhika.

Limi akauliza ni ya nini. Nikamwambia ni ili watu wa nyuma waone vizuri. Akasema basi ningeweka kitu kilekile kote kuwili, kaka. Nikamwambia hili ni jambo la kitaalamu. Akajibu kwamba mambo ya kitaalamu huwa yanarudi kwake yakiwa yameungua.

Projekta ya kwanza ni ya ofisi. Ya pili nimeiazima kwa wafadhili wa wavuvi wa visiwani. Barua niliandika kwamba ni kwa shughuli ya samaki. Ijumbi hakuna samaki, lakini wanakula.

Alhamisi, 9 Septemba

Nimekwenda Ijumbi kwa gari la ofisi. Nimeonana na watu wawili, kila mmoja kwa wakati wake.

Wa kwanza ni Ta Ishengoma (hapa mzee huitwa Ta, mama huitwa Ma), mkuu wa ukoo, umri miaka sabini na moja. Alinikaribisha kwa kahawa ya kutafuna na kigoda kizuri. Nilitegemea mtu mkali. Si mkali. Alisema hawachukii wajane, anachukia karatasi. Tangu ugonjwa uingie amezika watoto wa ndugu zake tisa, na kila kaburi linaacha mwanamke na karatasi. Mwanamke akiolewa tena, mwanaume mgeni anaingia na panga lake kwenye migomba iliyopandwa na babu wa babu. Aliniuliza mimi, mtu wa mjini, ningefanya nini. Nikamwambia kwenye slaidi zetu ukoo utapewa heshima yake. Akauliza kama picha yake inaweza kutokea. Nikampiga picha. Aliomba kwanza avae koti juu ya kanzu.

Wa pili ni Ma Anatolia, mjane, watoto wanne. Mumewe, Pastory, alifariki mwezi wa tano. Pastory alikuwa mtoto wa ndugu yake Ta Ishengoma. Ukoo unataka kibanja, yaani shamba la migomba, kirudi kwa ukoo, na Anatolia arudi kwao. Watakaa kikao Jumamosi tarehe 18, mtendaji wa kata akiwepo.

Anatolia ana kitu. Alifunga mlango, akatoa karatasi ya daftari ndani ya kitabu cha sala. Wosia. Pastory aliuandika kwa mkono wake mwezi wa kwanza, akiwa bado anaweza kukaa. Kibanja na nyumba ni vya mke wangu na watoto wangu. Chini kuna sahihi ya shahidi wa ukoo: Kashaija.

Ta Kashaija ni baba mdogo wa marehemu, karani mstaafu wa kununua kahawa. Siku ya kuanua matanga ukoo uliuliza kama kuna wosia. Kashaija alitazama miguu yake. Nyumba anayokaa imejengwa kwenye ardhi ya Ishengoma. Anatolia naye akanyamaza. Alisema angeitoa siku ile, karatasi ingepita mkono kwa mkono na isingerudi. Anangoja mtendaji wa kata awe ameketi.

Nikamwomba niipige picha kwa kamera ya ofisi. Wajane wenzake wakiiona wataelewa wosia ni kitu gani kuliko maneno yangu elfu moja. Akakubali kwa sharti: wanawake waione, lakini mwanaume yeyote wa Ijumbi asiione kabla ya Jumamosi. Nikamwambia kuna pazia. Akauliza pazia gani. Nikamwambia aniachie mimi.

Picha imetoka vizuri sana. Kila herufi inasomeka.

Ijumaa, 10 Septemba

Slaidi ishirini zimekamilika. Ya kwanza na ya pili ni sawa pande zote: karibuni, na jina la shirika. Kuanzia ya tatu zinaachana.

Nusu ya kushoto, ya wanaume: Ukoo ndio nguzo. Mkuu wa ukoo ndiye mwenye kauli ya mwisho. Picha ya Ta Ishengoma na koti. Nusu ya kulia, ya wanawake: Mjane si mzigo. Wosia ulioandikwa na kushuhudiwa, usikubali uvunjwe kienyeji. Usitie kidole kwenye karatasi usiyoielewa. Na slaidi ya kumi na nne, wosia wa Pastory, ukuta mzima.

Mke wangu Maulida amezisoma jioni, miwani puani. Akasema, "Baba Omary, hizi ni semina mbili." Nikamwambia ndiyo maana kuna pazia, kama kwenye maulidi na harusi zetu hapa Bukoba: wanaume huku, wanawake kule, kila mtu ametulia. Akasema kwenye harusi zetu pazia linaficha watu. Haliyafichi maneno. Kasida inaimbwa moja na pande zote mbili wanaisikia.

Ni hoja nzuri. Haihusu projekta.

Pazia nimelipata humuhumu nyumbani. Ni turubai la jeshi ambalo marehemu baba mkwe aliliokota hapa Kahororo mwaka 1979, askari walipopita kwenda Uganda. Miaka ishirini na tano limeanikiwa kahawa. Urefu mita kumi na moja. Halipitishi mwanga hata chembe. Maulida amesema nilirudishe likiwa na matobo yaleyale, yasiongezeke.

Jumapili, 12 Septemba

Majaribio ofisini. Yamefaulu.

Mujuni alipita akitoka misa, akasimama mlangoni mpaka slaidi ya tisa. Akauliza vipi mtu akitoka nje kujisaidia, akarudi kwa upande mwingine. Nikamwambia nitaomba wajisaidie kwanza. Akauliza nani atakaa wapi. Nikamwambia ukitazama ukuta wa mbele, wanaume kushoto, wanawake kulia. Akasema, "Ukumbi ni wa parokia, kaka. Nenda ukautazame kwanza." Nikamjibu nimeripoti kutoka kumbi mia mbili, na zote zina kuta nne.

Akauliza la mwisho: hivi mimi mwenyewe naamini nusu ipi. Ni swali la mtu wa bango kitita.

Limi ameziweka slaidi zijiendeshe, sekunde arobaini kila moja. Sitahitaji kusema neno. Asiyesema hawezi kunukuliwa.

Jumatano, 15 Septemba

Naandika yote kwa mpangilio wa saa, kwa kuwa kutakuwa na maelezo mengine yatakayotofautiana na haya.

Semina ilikuwa ianze saa nne. Kulikuwa na mazishi, kijana wa miaka ishirini na sita. Tukahudhuria. Saa nane kasorobo watu wakaanza kuja kutoka makaburini, udongo kwenye viatu. Turubai lilikuwa limeshatundikwa katikati ya ukumbi, kutoka meza ya mitambo hadi ukuta wa mbele. Projekta mbili juu ya meza, kila moja upande wake wa turubai. Mimi nilikuwa nje nikiwasha jenereta. Niliwahesabu kupitia dirisha la mbele, wakiwa wamenielekea, walipokuwa wakiketi: wanaume thelathini na mmoja, wanawake arobaini na sita. Mujuni alikaa kwa wazee.

Saa nane na dakika tano umeme ulifika na slaidi ya kwanza ikatoka yenyewe. Dakika moja baadaye jenereta likaanza kukohoa. Nilikuwa bado nje, nikalishughulikia. Lilikuwa na uchafu kwenye kabureta. Ukiliachia linazima, ukilishika linaunguruma, kwa hiyo nililishika. Nilikaa hapo takriban dakika saba. Kwa hesabu yangu slaidi zilikuwa zimefika ya kumi na mbili. Ndani kulikuwa na utulivu. Nilijipongeza.

Halafu muungurumo ukapungua kidogo, nikasikia sauti ya mwanaume inasoma. Taratibu, kila neno limetengwa na jenzake, kama anayetaja uzito wa magunia. Ilisema: "Usitie, kidole, kwenye karatasi, usiyoielewa."

Hiyo ni nusu ya wanawake.

Nililiachia jenereta, nikaingia. Lilibaki likiunguruma lenyewe, jambo ambalo lingeweza kulifanya tangu mwanzo. Hali ndani ilikuwa hivi: wanawake wote kushoto, wanaume wote kulia. Hakuna aliyewapanga. Wanaketi hivyo kila Jumapili toka wabatizwe, wanawake kushoto, wanaume kulia, na ukumbi wa parokia kwao ni ubavu wa kanisa. Mimi ni mtoto wa msikitini. Kwetu hakuna kushoto wala kulia, kuna mbele na nyuma.

Aliyekuwa akisoma ni Ta Kashaija. Nimeelezwa baadaye kwamba barua yoyote ikifika Ijumbi, ya serikali au ya mtoto aliyeko Mwanza, Kashaija ndiye husomea wazee wasioona vizuri. Hakuna aliyemwomba leo. Alisimama tu, kama kawaida yake, akaanza tangu slaidi ya tatu. Upande wa pili wanawake walikuwa wakimsikiliza yeye, huku macho yao yakitazama picha ya Ta Ishengoma na koti.

Zilibaki sekunde chache kabla ya slaidi ya kumi na nne. Nikachukua hatua. Nilifika mezani na kuziba mwanga wa projekta kwa viganja vyote viwili; kwa mujibu wa mpango wangu wosia ulikuwa kwenye ile ya kulia, lakini nilikuwa nimeupa ukuta wa mbele mgongo, na kulia kwangu kulikuwa kushoto kwa ukumbi. Niliziba ya kushoto. Ta Ishengoma na koti lake wakatoweka. Kwenye ukuta wa wanaume ukatokea wosia wa Pastory, urefu mita mbili.

Kashaija akasoma. "Mimi, Pastory, nikiwa na akili zangu timamu." Sauti haikubadilika. "Kibanja changu, na nyumba yangu, ni vya mke wangu, Anatolia, na watoto wangu wanne. Ndugu zangu, nawaomba, msiwasumbue. Shahidi."

Akafika kwenye jina lake, akaacha.

Mzee mmoja asiyeona vizuri akauliza, "Ta, shahidi ni nani waitu, ndugu yetu? Soma." Kashaija hakusoma. Mzee akauliza tena, akasema kama herufi ni ndogo asogee mbele. Herufi zilikuwa za ukubwa wa ndizi.

Ndipo turubai likainuka. Ma Anatolia alikuwa amesikia maneno ya mumewe yakisomwa ng'ambo, akalishika kwa chini na kulipandisha kwa mkono mmoja mpaka kichwani. Akawa amesimama chini yake kama mtu aliyejikinga mvua. Wanawake wakaona ukuta wa wanaume. Wanaume wakaona wa wanawake, ambao kwa kuwa niliondoa mikono ulikuwa umeandikwa, chini ya picha ya Ta Ishengoma: Mkuu wa ukoo ndiye mwenye kauli ya mwisho.

Anatolia hakuwatazama wazee. Alinitazama mimi. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bwana Muharami, nilikuomba kitu kimoja."

Ta Ishengoma alisimama polepole. Aliangalia picha yake, akaangalia sahihi ya ndugu yake. Akasema mashine inaweza kuandika chochote, na kama karatasi ipo, ataiona Jumamosi. Akaongeza kwamba anaomba kuelezwa na ofisi: kati ya kuta hizi mbili, shirika linakaa ukuta upi.

Watu sabini na saba wakaningoja. Nikasema zote mbili ni za shirika.

Kicheko kilianzia kwa wanawake. Hakikuwa cha furaha.

Wakati nakusanya nyaya nilimtafuta Mujuni anisaidie. Hakuwepo. Pikipiki yake pia haikuwepo, wala Ma Anatolia. Nimeudhika kidogo. Kazi ya kukunja turubai la mita kumi na moja ni ya watu wawili.

Alhamisi, 16 Septemba

Mujuni amempa Mkurugenzi ripoti ya sentensi tatu. Nimeiona juu ya meza, kichwa chini, lakini miaka kumi na tisa inakufundisha kusoma hivyo. Inasema: Wosia wa Anatolia ulionekana na wazee kabla ya wakati. Nilimpeleka nyumbani kwake palepale, akauchukua, tukaukabidhi kwa mtendaji wa kata saa kumi na nusu jioni na kupewa hati ya kupokelewa. Saa kumi na mbili vijana wawili walifika kwake kuuliza karatasi.

Hakunitaja. Sijui kama ni wema au ni mbinu. Ikiwa ni mbinu, ni ya hali ya juu.

Nimemweleza Mkurugenzi kwamba mitambo ilifanya kazi asilimia mia moja. Tatizo lilikuwa viti. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema niende Jumamosi, nikae nyuma, nisiwashe kitu.

Jumamosi, 18 Septemba

Kikao cha ukoo kimefanyika nyuma ya nyumba ya marehemu, penye migomba, kuanzia saa tano hadi saa nane na robo. Wanaume ishirini na wawili, wanawake kumi hivi pembeni, mtendaji wa kata mezani na bahasha. Nilikaa nyuma. Sikuwasha kitu.

Mtendaji alitoa karatasi. Ikapita mkono kwa mkono, kama Anatolia alivyokuwa akiogopa, isipokuwa sasa kila mkono ulikuwa na macho thelathini juu yake. Ta Ishengoma akauliza kama shahidi yupo.

Ta Kashaija alisimama. Alisema mwezi wa tano aliulizwa akanyamaza, na angenyamaza hata leo, kwa sababu mtu wa miaka sitini na nane hahami nyumba. Lakini Jumatano alifika kwenye jina lake mwenyewe mbele ya wazee thelathini, akakwama. Ameandika namba za magunia ya watu miaka thelathini na hakuna aliyemkuta na namba ya uongo. Akasema, "Sahihi ni yangu. Kaka, kama ni nyumba, nitakuachia." Akakaa.

Ishengoma alimtazama mdogo wake, na nikaona kwamba jambo hili halikumjia jipya. Nadhani alijua tangu matanga. Mwishowe akasema Kashaija hahami popote, waitu, nani atawasomea barua. Akacheka mmoja, wakacheka wengi. Kisha akasema, bila kumtazama Anatolia, kwamba mke wa Pastory abaki, alime, asomeshe watoto, ila akitaka kuolewa aje kuaga kwa ukoo kwanza. Anatolia akajibu kwamba ana watoto wanne na migomba mia tatu, huyo mume atamweka wapi. Mtendaji akaandika. Wakatia sahihi.

Baadaye Mujuni alitoa fomu yetu ya kupokelewa kwa shirika. Ishengoma aliisoma, yaani alisomewa, akatia sahihi. Kwa mkono wake aliongeza sharti pembeni: Ukuta mmoja. Wajane waliojiandikisha kwa Mujuni tangu Jumatano: thelathini na wanane.

Tukiwa njiani kurudi Bukoba, Mujuni aliniambia kitu ambacho nakiandika kwa ukamilifu ingawa sikielewi. Alisema viti vile ndivyo vilivyofundisha. Wanaume walisoma haki za wanawake, wanawake wakasoma ukoo unajionaje, na kila mmoja akasikia mwenzake anavyoambiwa. Alisema ningewapanga vile kwa makusudi, angenivulia kofia.

Nimelifikiria hilo mpaka Kahororo. Nimeona tatizo lake. Lingehitaji slaidi moja tu, na Limi ameshaweka kadi mbili.

Jumatatu, 20 Septemba

Mkurugenzi Celina amesema leo saa tatu na nusu, mbele ya watu tisa, kwamba mkuu wa ofisi ya Muleba ni Mujuni, kuanzia tarehe moja. Alimtazama yeye tu. Sikuhesabu.

Ma Anatolia amekuja Bukoba na basi la asubuhi. Alikuja kwangu, si kwa Mujuni. Nilidhani ni shukrani, nikampa kiti kizuri. Akasema amekuja nifute ile picha. Maandishi yale ni ya mume wake, watoto wameanza kuulizwa shuleni, na hataki kukutana nayo tena ukutani. Nikamweleza kwamba kwa kuangalia matokeo, slaidi ile ndiyo iliyomwokolea kibanja. Akasema kilichomwokolea kibanja ni Kashaija kusema ukweli na pikipiki ya Mujuni, na kwamba mimi nilimwahidi kitu kimoja nikashindwa, na leo ananipa nafasi ya pili, ni kimoja vilevile. Hakupandisha sauti. Alivuta kiti mpaka kwenye kompyuta na kungoja.

Nikaifuta mbele yake. Akaniuliza kama imekwisha. Nikamwambia kwenye kompyuta haipo. Akashukuru, akaenda kuwahi basi.

Kwenye kompyuta haipo kweli. Ipo kwenye CD, droo ya pili. Ni picha nzuri sana, kila herufi inasomeka, na Kimwani hakuna mtu wa ukoo wa Ishengoma. Nimeuliza.

Kwa kuwa Mujuni hawezi kuwa mahali pawili, semina ya Kimwani nimepewa mimi. Mkurugenzi amesema niende na bango kitita. Nimemjibu ndiyo. Kule kuna wakulima, kuna wafanyabiashara wa samaki wanaopanda kutoka visiwani, na siku hiyo watakuwepo wageni wawili kutoka kwa wafadhili. Makundi matatu, kila moja na linachopenda kusikia. Fundi Limi amesema kadi ya tatu inaingia, ila yeye hatakuwepo kuiona. Viti safari hii nitavipanga mwenyewe, na kila kimoja nitakiandika jina.

Jumatano, tarehe 29 Septemba, saa tatu asubuhi, Kimwani. Slaidi ni ishirini na moja. Ya kumi na nne haijabadilika.